Waliochangia Tumbo la Wanza

"Hicho kipande umemeza ama umetema?"

Wanza alikuwa ameinamia kikaango, ukingo wa chapati ya kwanza ukiwa bado mdomoni. Kila asubuhi alikuwa akimega ukingo huo aonje chumvi, kwa sababu wateja wa kituo cha Kawangware 56 hawasamehe chapati isiyo na ladha. Aligeuka polepole akamtazama Celine, rafiki yake wa kanisani, ambaye wiki nzima alikuwa akija kukaa kibandani eti nyumba imemchosha.

"Kwa nini unauliza?"

Celine akaanza kupangusa meza iliyokuwa safi. Alijaribu kucheka, kisha akasema ukweli, maana hajui kudanganya hata mtoto. Alikuwa ametumwa. Akina mama wa kikundi chao cha kanisani walikutana bila Wanza, wakakubaliana mtu mmoja aende aone anakula nini.

Damu ilimchemka Wanza. Chapati iliyokuwa jikoni ikaanza kuungua, naye akaiacha iungue.

Mwaka uliopita magoti yake yalikuwa yamekataa kumbeba, na sukari ilikuwa imepanda mpaka macho yakawa na ukungu. Madaktari waliokuja kwa kambi ya matibabu ya bure walimfanyia upasuaji, wakaondoa sehemu kubwa ya tumbo lake ili ashibe kwa chakula kidogo. Vipimo, dawa na kitanda vililipwa na kikundi. Ndoo ilipitishwa kanisani na hata wasiomjua wakatia mkono mfukoni. Mungu awabariki wote. Lakini tangu siku hiyo mwili wake ukawa kama choo cha ploti, kila mpangaji ana neno juu yake.

Kilo zilipokuwa zikishuka walimsimamisha mbele ya kanisa ajizungushe, wakapiga vigelegele. Kisha mizani ikasimama. Tangu Pasaka haikusonga, na sasa ilikuwa Agosti. Wanza aliacha pikipiki akawa anatembea kutoka nyumbani Gatina hadi kibandani, wapi. Akapunguza chakula, wapi. Mwishowe akawa karibu hali chochote, hadi siku moja kizunguzungu nusura kimwangushe juu ya jiko. Daktari wa lishe alimgombeza. Alimwambia mwili uliopungua kwa kasi hufika mahali ukasimama, wakati mwingine miezi, na kujinyima kunamaliza nguvu tu. Ale kidogo kidogo, atafune vizuri, angoje.

Kungoja ndiko kulikomshinda. Watu walikuwa wamemshuku kwa muda mrefu hivi kwamba yeye mwenyewe alianza kujishuku, kama vile angeweza kuinuka na kula akiwa usingizini.

"Na uliwaambia nini?" alimuuliza Celine.

"Niliwaambia unaonja."

Wanza akaichukua ile chapati iliyoungua akaitupa kwenye takataka.

Alhamisi kikundi kilikutana Kambi Muru, nyumbani kwa Filister, mwenyekiti wao. Wanza alikuwa ameapa haendi. Akaenda, hasira ndiyo iliyomfikisha. Filister alipakua mwenyewe, ugali, sukuma na samaki, na sahani ya Wanza akaijaza kuliko zote, kwa kuwa kwake ni aibu mgeni kuonekana na sahani yenye nafasi. Kisha akaketi, akasafisha koo, akamgeukia Wanza.

"Mama Muia, usikasirike. Sisi ndio tulichangia hiyo tumbo. Tuko na haki ya kuuliza inaendaje."

Katunge, mmoja wa akina mama, akaingilia kwamba binamu yake wa Machakos alipungua kwa maji ya ndimu tu, hata hakukatwa. Mwingine akasema labda ni zile chapati, si mtu anashinda nazo kutwa. Walisema kwa upole, jinsi watu wanavyomsema mgonjwa akiwa hapo hapo.

"Kula basi, chakula inapoa," Filister akasema, akamsukumia ule mlima wa ugali.

Wanza aliutazama ugali akakaribia kucheka kwa hasira. Mlango ulikuwa karibu. Lakini akitoka watasema amekimbia, na kesho watatuma mtu mwingine.

"Mlituma mtu aniangalie nikikula," alisema. "Mngeniambia tu. Ningewaonyesha mwenyewe."

Akauhamishia ugali wote kwenye sahani ya Celine, aliyekaa kando yake. Akabakiza kipande cha samaki cha upana wa vidole viwili na majani machache ya sukuma. Akachambua nyama kidogo, akatafuna mpaka ikawa uji, akameza, akaweka mkono gotini akangoja ishuke, kwa sababu akiharakisha hurudi juu. Kisha akachambua nyingine.

Wengine walimaliza wakaweka sahani chini. Katika kikundi chao maombi ya kufunga hayaanzi wakati mtu bado anakula, na hakuna anayeondoka kabla ya maombi. Filister akatazama mlango. Katunge akauliza kwa sauti ndogo kama haiwezekani afungiwe iliyobaki aende nayo.

"Bado nakula," Wanza akasema.

Jua lilihama kutoka kizingitini. Mtu akakohoa. Celine alikuwa ameinama akilia kimya juu ya ugali usio wake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Wanza akatoa mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani, akachukua kipande kingine kidogo akakitia mdomoni, na nyumba nzima ikakaa ikimtazama akitafuna.