Wimbo Usiopigiwa Makofi

Basi zima la Waslovenia, wahamiaji wa Mtaa wa St. Clair, lilikwenda studio ya televisheni kwa kazi moja tu, kupiga makofi. Shindano lile la vipaji halikuwa na majaji. Lilikuwa na mashine, kama saa kubwa ya ukutani yenye mshale mmoja, na mshale ule ulipanda kadiri ukumbi ulivyopiga kelele, huku mji mzima wa Cleveland ukiutazama. Aliyeupandisha kuliko wenzake alipelekwa New York, akaonekane nchi nzima.

Ivana Zupan alikaa safu ya mbele na gauni lake jeusi. Alikuwa amemzika mumewe, Lojze, mwezi wa pili mwaka ule. Sasa binti yao Milka alikuwa nyuma ya pazia na kodiani ya baba yake, na Ivana alitaka mwanawe ashinde kuliko alivyowahi kutaka kitu. Lojze aliitamani sana siku hii.

"Shemeji, usihofu," alisema Matija Hrovat, mwenye baa na kiongozi wa kwaya yao. "Mikono nimeipaka mafuta ya nguruwe, isije ikapasuka."

"Mikono hiyo inajua kuinua bia tu," alidakia mkewe, Pavla. "Leo tutaona kama inajua kazi nyingine."

Ilijua. Milka alipopiga polka, muziki wa dansi wa kwao, watu wa St. Clair walipiga makofi na kukanyaga sakafu hadi mshale ukafika mwisho, na mtangazaji akajifanya kuishika mashine isianguke. Washindani wengine wakatolewa. Akabaki Milka na bwana mmoja wa mji wa Akron aliyepiga mluzi kama ndege wa kila namna. Kila mmoja angepiga mara moja tena, na mshale ungeamua.

Milka akatangulia. "Binti, nani kakufundisha?" mtangazaji alimuuliza.

"Baba."

"Mzee yuko nasi hapa?"

"Alifariki mwezi wa pili, bwana. Alifanya kazi kiwanda cha chuma."

Mtangazaji alikuwa mtu wa maneno mepesi, lakini hakuwa mtu mbaya. Tabasamu likampungua. "Basi huu mpigie mzee," akasema.

Walikuwa wamepanga polka nyingine. Ivana aliviona vidole vya binti yake vikisita juu ya vitufe, kisha vikahama. Ukatoka wimbo wa kaburini, ule ambao kwaya ya Matija huuimba jeneza likishushwa. Lojze aliwapigia wengi wimbo ule, kwenye mvua na theluji, amevaa glovu alizozikata ncha za vidole.

"Masikini, mtoto kajimaliza," Pavla alinong'ona.

Wimbo ule haupigiwi makofi. Ukiisha, watu husimama kichwa wazi, kimya, mpaka mfiwa atakapoanza kusogea. Hilo kwao halikuhitaji kufundishwa. Noti ya mwisho ilipokatika, watu wote wa basi lile walisimama, kofia mikononi. Wageni wengine ukumbini waliokuwa wameanza kupiga makofi waliwaona, wakaacha, nao wakasimama bila kujua kwa nini. Mshale ukalala.

"Haya jamani, makofi!" mtangazaji alihimiza, akipunga mikono yote miwili.

Matija aliinama sikioni mwa Ivana. "Shemeji, mfiwa ni wewe. Tufungulie ukimya huu. Piga kofi moja tu, sisi tutaubomoa ukumbi huu."

Mikono ya Ivana ilinyanyuka kidogo. Kisha akamtazama Milka. Msichana hakuwa na habari na mashine. Alimkazia macho mama yake, kodiani imefumbwa kifuani, kidevu juu, vile vile Lojze alivyosimama makaburini akimsubiri mwenye msiba.

Ivana akaishusha mikono, akaifumbata juu ya mkoba wake. Aliuacha ukimya uende mpaka alipoona umemtosha mumewe. Kengele ya kumaliza muda wa Milka ikalia, ukimya ukiwa haujaisha.

Yeye alipokaa, wote wakakaa.

Bwana wa Akron akapiga mluzi wake, na watu wa St. Clair, waliokuwa bado na mikono ya kutumia, walimpigia makofi yote waliyomwekea Milka. Akaenda New York.

"Mama, umekasirika?" Milka aliuliza watu walipoanza kutoka ukumbini.

"Nilikaribia kupiga."

"Nilikuona. Nikasema moyoni, asipige, asipige."

"Na New York?"

"Niliitaka," Milka alisema, na machozi yakamtoka. "Lakini Mama, uliwaona? Hata wale wa kamera walivua kofia."

Aliwaona. Ivana alimfuta binti yake uso kwa leso, kisha akainama akaichukua kodiani.

"Lete nikusaidie, shemeji," Matija alisema. "Mzigo huo ni mzito."

"Nimeishi nao nyumbani kwangu miaka yote hii, naujua uzito wake," alijibu, akautia ukanda wake begani. Akapita katikati ya ukumbi, polepole, binti yake kando, na watu asiowajua wakawapisha njia.