Karakana kwa Jina la Mke

Serikali ya nchi jirani ilipotaifisha mali za wageni, Fundi alirudi kwao na nguo alizovaa. Karakana yake ya fanicha ilibaki kule, na mashine zake zote. Mkewe naye alibaki, maana alikuwa raia wa kule na alikuwa akimuuguza mama yake, walikubaliana angemfuata. Mpaka ukafungwa. Ulipokuja kufunguliwa, mama mtu yuko hai, aliyekufa ni mke.

Basi Fundi akawa mtu wa chumba cha uani kwa mpwa wake. Alitunzwa, tusimseme mpwa vibaya: chakula alipata, shikamoo alipata. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hata jembe hakupewa. Alikaa tu. Upweke ulimtafuna.

Kisha serikali yetu ikaunda baraza la kuwafidia raia walionyang'anywa mali nje. Fundi akapata uhai. Akipata fidia atapanga kibanda, aweke meza ya kazi, awe na mahali pa kwenda asubuhi.

Wakili aliyepewa, binti mpole, akagundua kasoro. Karakana iliandikishwa kwa jina la mke. Kule mgeni hakuruhusiwa kuandikisha biashara kwa jina lake, hivyo mafundi wageni wote walifanya hivyo hivyo. Na baraza hulipa mali ya raia wetu tu. Jamani! Kule walimpora kwa kusema ni yake, huku wanamnyima kwa kusema si yake.

Wakili akamshauri taratibu. Aseme karakana ni yake, mwanamke yule alimwazima jina tu, ndoa ilikuwa ya makaratasi. Watoto hawakuzaa, nani atabisha? Fundi akakubali. Akajizoeza maneno yale peke yake chumbani mpaka yakawa yanamtoka bila kukwama.

Siku ya shauri, mwenyekiti wa baraza alivua miwani akamtazama.

"Huyu mwanamke alikuwa nani kwako?"

Sasa, tangu arudi, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Nyumbani kwa mpwa walilikwepa jina la marehemu, wakiogopa kumtonesha kidonda. Fundi akafungua kinywa aseme alichofundishwa.

"Mke wangu," akasema.

Wakili akamkanyaga mguu chini ya meza. Wapi! Mzee alikuwa ameshaanza. Akasimulia jinsi mkewe alivyopiga msasa kumshinda yeye, alivyowagombeza wateja wasumbufu kisha akawachemshia chai, alivyoimba ovyo makusudi ili mumewe acheke. Na yeye akacheka pale pale, peke yake, mbele ya watu wazima wenye suti.

Mwenyekiti hakumkatiza. Mzee alipomaliza, alimweleza kwa upole kwamba, kwa maelezo hayo, mali ilikuwa ya mke, na dai limeanguka. Fundi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameelewa vizuri. Wakili akakusanya karatasi, akasimama, akamshika mkono ili watoke.

Fundi hakuinuka.

"Mheshimiwa," akasema, "hamna swali jingine juu yake?"