Kadi Aliyotumiwa Ami Mahmud

Mama yeyote mwenye binti na mwenye simu akae kitako asikilize, maana haya yalitokea hapa hapa Voi, wala si zamani, na Mwanarusi mwenyewe hakatai yakisimuliwa.

Mwanarusi wa Mwakingali alikuwa bingwa wa kusoma watu. Shule aliachia darasa la nane, lakini mpe simu dakika mbili tu, atakwambia nani amenuna, nani anahama, nani ana mchumba anamficha. Mpangaji wake alipotoa picha yake kwenye simu akaweka ua jeupe, Mwanarusi alisema, "Huyu anahama." Mwisho wa mwezi mpangaji akafunga godoro juu ya bodaboda. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

"Mtu atakuchekea na moyoni ana lake," alikuwa akisema. "Simu haijui kuchekea mtu. Tiki zikigeuka buluu, amesoma. Amesoma na hakujibu. Sasa unataka akuandikie barua?"

Basi binti yake, Nuha, akaposwa. Mchumba ni Samir, kijana wa kazi pale stesheni ya treni, mwenye adabu, wale wa kushuka kwanza kwenye pikipiki ndio wakusalimu. Nikaha ikapangwa Ijumaa baada ya laasiri. Sasa, baba yake Nuha alifariki mtoto akiwa darasa la tatu, na kaka hana, babu hana. Aliyebaki wa kumwozesha ni ami yake, Mahmud, ndugu wa marehemu, mwenye duka la mabomba na rangi kule mtaa wa Sofia. Bila Mahmud kushika mkono wa bwana harusi na kutamka maneno, hakuna nikaha, kuna pilau tu.

Mwanarusi alilijua hilo vizuri. Lakini alikuwa na mambo mengi, na simu ilikuwa mkononi. Abby, msichana wa jirani, akamtengenezea kadi: mawaridi yanafunguka yenyewe, kaswida inaimba chini kwa chini, majina yanametameta. Mwanarusi aliitazama mara sita. Jumamosi asubuhi akachagua watu mia na ishirini, akabonyeza mara moja, ikaenda.

"Mama yangu angezunguka nyumba kwa nyumba siku nne, viatu vimekwisha," alimwambia Nuha. "Mimi nimealika mji mzima na chai yangu haijapoa."

"Na Ami Mahmud?"

"Yumo humo humo."

Majibu yakamiminika. Mashallah, hongera, mioyo, mikono ya dua. Kwa Mahmud tiki ziligeuka buluu saa tatu na dakika kumi. Kisha kimya. Jumapili kimya. Jumatatu yuko hewani asubuhi, yuko hewani adhuhuri, neno hakuna. Jumanne akabadilisha picha. Ile ya zamani, yeye na marehemu ndugu yake wamevaa kanzu siku ya Idi, akaiondoa. Badala yake akaweka tangi la maji, jeusi, kubwa.

"Umeona?" Mwanarusi akamsukumia Nuha simu. "Amemtoa baba yako. Amejitoa kwetu, na anataka tujue."

"Labda ana shughuli, mama. Si umpigie tu?"

"Nimpigie nimwambie nini, nimbembeleze? Kadi ameiona. Hamtaki Samir, basi. Alikuwa akimtaka yule kijana wa rafiki yake wa Taveta. Mimi namjua Mahmud kuliko anavyojijua."

Nuha akainuka. Alikuwa amenunua hina ya kujaribia. Akaikunja na karatasi yake, akairudisha kabatini. Siku hiyo hakula chakula cha mchana, na cha jioni alikichezea tu kwa kidole.

Jumatano hasira zikampanda Mwanarusi. Akashika simu akamrekodia sauti dada yake Faiza, aliye Mombasa. Akasema yote. Kwamba Mahmud tangu ndugu yake afe amekuwa akitafuta mlango wa kutokea. Kwamba asitake tu, kadhi yuko, atamwozesha yeye. Na mwisho, pale ulimi ulipokuwa umeshashika moto, akasema, "Mwanangu hatamlilia muuza mabomba."

Faiza alisikiliza, akamwonea dada yake huruma, akampelekea sauti ile mtu mmoja tu, mtu wake wa siri. Na mtu wa siri naye huwa ana mtu wake wa siri. Hapo ndipo akina mama tunapojidanganya.

Alhamisi asubuhi jirani yake Tryphena, mama yake Abby, Mtaita wa Mghange, alikuja na kisu chake kusaidia kumenya vitunguu. Akamkuta Mwanarusi anashika simu kwa mkono mmoja, kitunguu kwa mwingine, na hakuna kinachomenyeka.

"Mama Nuha, hiyo simu imeungana na mkono?"

"Namwangalia shemeji. Yuko hewani sasa hivi. Siku ya sita hii, Mama Abby, na kesho ndiyo nikaha. Leo baada ya adhuhuri nakwenda kwa kadhi."

Tryphena akaweka kisu chini. "Ngoja kwanza. Huyo mzee, ulimwalika ama ulimwomba?"

"Nilimtumia kadi. Kuna tofauti gani?"

"Haiya! Mimi pia nilitumiwa kadi. Kwa hivyo mimi na yeye ni kitu kimoja? Basi kesho niende msikitini na kitenge changu nikamwozeshe Nuha!"

Mwanarusi akaweka kitunguu chini.

"Kwetu nyumbani, mwanangu Hillary akioa," Tryphena akaendelea, "mjomba wake nikimtumia kadi, atakuja kama mgeni. Atakula, atapangusa mdomo, atarudi kwake. Mtu wa kusimama na mtoto haalikwi. Anaendewa. Unakalia kiti chake, unakunywa uji wake hata kama una moshi, ndio unafungua mdomo. Kutoka hapa mpaka Sofia ni dakika ngapi?"

"Ishirini, kwa miguu."

"Ishirini! Na umekaa siku sita ukichungulia kama yuko hewani."

Mwanarusi akanawa mikono, akavaa buibui. Njia nzima alipanga maneno, na alipofika dukani yote yakampotea.

Mahmud alikuwa akimpimia fundi mmoja bomba. Aliinua macho. "Karibu, Mama Nuha." Miaka yote alimwita shemeji. Akamvutia kiti cha plastiki, akamaliza kukata bomba, akapangusa mikono polepole. Halafu akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya meza, akabonyeza.

Ilikuwa sauti yake Mwanarusi. Mlango wa kutokea. Kadhi yuko. Mwanangu hatamlilia muuza mabomba. Jinsi ilivyotoka pale mezani, mbele ya makopo ya rangi, ilikuwa sauti ya mwanamke ambaye yeye mwenyewe asingemkaribisha kwake. Fundi akajifanya anahesabu nati.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hii imenifikia jana jioni," Mahmud akasema. "Imeniuma, sikufichi. Lakini mimi niliumia tangu Jumamosi. Nilipokea kadi nikaisoma mpaka mwisho nikitafuta jina langu. 'Ndugu mpendwa, unaalikwa.' Naalikwa mimi? Mtoto niliyembebea sanduku siku ya kwanza ya sekondari, naalikwa kama mteja? Nikasema basi, wamepata mtu mwingine wa kumwozesha. Nikasema ningoje, hata mtoto mdogo atatumwa. Hakuja mtu."

"Na mimi nikadhani umetususa. Picha ya ndugu yako umeiondoa ukaweka..."

"Nimeweka nini?"

"Tangi."

Mahmud akamtazama. "Matangi yameshuka Jumanne, shemeji. Natangaza biashara."

Fundi akashindwa, akacheka mpaka nati zikamwagika. Mahmud hakucheka, na Mwanarusi aliona kwamba lile neno shemeji lilimtoka tu kwa mazoea.

Akashuka kwenye kiti, akapiga magoti pale sakafuni penye vumbi la saruji. "Nimekuja kwa miguu yangu kukuomba umwozeshe mtoto wako. Na yale niliyosema nimeyasema mimi, hakuna aliyenitia maneno. Nisamehe."

"Inuka, Mama Nuha." Mahmud akamwokotea fundi nati mbili zilizobaki. "Nitakuja. Kwa ajili ya mtoto."

Na alikuja. Ijumaa alifika na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, akaingia chumbani kwa Nuha, akamuuliza kama inavyotakiwa, "Nuha, umenipa idhini nikuozeshe kwa Samir?" Nuha alilia kwanza, ndipo akasema nimekupa. Msikitini Mahmud akaushika mkono wa Samir, akatamka maneno bila kukwama. Nikaha ikapita.

Waliporudi nyumbani sinia zikatandazwa, na ya kwanza ilikuwa yake. Mahmud akanywa maji bilauri moja, akambusu Nuha kichwani, akavaa viatu, akaenda zake. Pilau yake haikuguswa. Waliokuwepo walielewa wote, na hapakuwa na tiki ya kuwaeleza.

Jumamosi Mwanarusi alipakua chakula ndani ya hotipoti, akaiacha simu nyumbani kwenye chaji, akatembea mpaka Sofia. Mahmud akaipokea mlangoni, akasema ahsante, akafunga mlango. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Faiza akapiga kumwambia anajiaibisha. Mwanarusi akamjibu kwamba aibu yake alishaisikia mezani kwa Mahmud, hakuna kubwa kuliko ile.

Jumamosi ya tatu Mahmud alikuwa dukani. Akaifungua hotipoti hapo hapo mbele yake, akainamia mvuke, akachukua tonge moja kwa vidole. Akatafuna. Akakunja uso.

"Na achari, shemeji? Leo hukutia?"

Mwanarusi aligeuka kuifuata achari Mwakingali, dakika ishirini kwenda, dakika ishirini kurudi, jua la Voi likimchoma utosini. Bodaboda tatu zilimpigia honi. Hakupanda hata moja, wala hakumtuma mtu.