Dirisha la Juu ya Baraza

Maktaba kongwe ya Chake ilijengwa na watu waliolijua joto. Kuta zake ni za mawe na chokaa, nene hata pale dirishani ungemlaza mtoto. Dari ni ya boriti za mikoko, na kwa vile boriti hazikuwa ndefu, vyumba vikatoka vyembamba. Nje, chini ya dirisha la Bi Rahila mkutubi, palikuwa na baraza ya kukalia, ya chokaa, urefu wa ukuta mzima, imeng'arishwa na makalio ya miaka. Ndani watu hawaingii. Walikuwa wakikaa pale nje.

Na maneno walikuwa nayo. Kila asubuhi Mzee Matano, aliyezeekea kwenye uvuvi wa pweza, na Mzee Ahmada, fundi baiskeli, huanza ubishi. Wakishindwana, mmoja hugonga nondo za dirisha: "Bi Rahila, hebu tuangalizie kitabuni." Naye husonya, huangalia, kisha huwajibu kwa ukali. "Mlango u wazi, hamna miguu?" Hawakuingia hata siku moja.

Miaka kumi na moja nyuma kelele zile zilimchosha, akawaandikia wakubwa barua: baraza ivunjwe, maktaba ipate utulivu. Barua ikalala. Wakati huo nyumbani kwake Tibirinzi alikuwa na mume, Soud, mtu wa maneno hadi usingizini, na mwenyewe alikuwa na hamu ya kimya. Sasa Soud yuko kaburini mwaka wa tatu, na watoto wote wako Muskat. Akishafunga mlango wake magharibi, hasikii sauti ya mtu mpaka kesho yake pale dirishani. Alikuwa mpweke, tuseme ukweli, na dirisha lile ndilo lililomweka mjini na watu.

Jumatatu wakagonga. Pweza ana mioyo mingapi? Matano, aliyewapasua kwa mamia, aliapa ni mmoja. Ahmada kasikia redioni ni mitatu. Bi Rahila aliliona jibu papo hapo, lakini alitaka warudi.

"Kitabu kikubwa hiki," akasema. "Ngojeni kesho."

Kesho yake akaja Mhandisi Abdulsamad na mafundi wake kulikarabati jengo.

"Shikamoo, Bi. Ombi lako limekubaliwa." Akamwonyesha ile barua, mwandiko wa Bi Rahila mwenyewe, sahihi yake mwenyewe.

"Zamani hiyo, mwanangu. Nimeifuta."

"Nipe sababu basi, niiandike."

Akatafuta sababu ya kijengo. Akasema baraza inakinga mguu wa ukuta, maji ya masika yasirukie mawe. Abdulsamad akachutama, akakwangua chokaa kwa ufunguo, akamwonyesha ufa. Baraza iliongezwa baadaye, haikushikana na ukuta, na maji hutuama hapo katikati.

"Inauoza ukuta, Bi. Ulifanya vyema kuomba ivunjwe."

Sababu ya pili hakuitamka: kwamba wale wakiondoka hatakuwa na mtu. Mwanamke mtu mzima atamwambiaje hivyo kijana mwenye kofia ya kazi kichwani? Akamrudishia barua yake. Hapo ndipo alipojiponza, msimlaumu mhandisi.

Nyundo zilimaliza kazi kabla ya adhuhuri. Wazee walisimama ng'ambo ya njia na bakora zao, wakatazama, kisha wakahamia kwenye baraza ya fundi cherehani, nyuma ya soko.

Alhamisi Bi Rahila alijipitisha huko, kikapu mkononi. "Masalkheri, Bi Rahila," wakamwamkia kwa heshima zote, kisha wakanyamaza apite. Ile ni baraza ya wanaume, mwanamke hasimami hapo akabishana habari za pweza. Dirishani aliweza, kwa kuwa yuko kazini na nondo ziko katikati. Alijua hilo tangu anatoka nyumbani, na bado alikwenda. Akapita, akanunua muhogo asiouhitaji.

Jumamosi ukuta ulikuwa umeshapakwa chokaa mpya, umekauka. Maktaba imetulia vile vile alivyoomba. Akafungua dirisha. Kitabu kilikuwa bado mezani, kwenye ukurasa ule ule. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Mitatu," akasema kupitia nondoni. "Ahmada ndiye mwenye haki. Ni mitatu."

Akangoja Matano abishe.