Wageni wa Ufukweni

Hakuwa na hati ya kiwanja, hakuwa na mke tena, hakuwa na meno ya kung'atia biskuti, na zaidi ya yote hakuwa na imani na kitu cha bure. Mzee huyo alikuwa fundi kufuli. Mtu wa kazi hiyo hashtuki akikuta mlango umefungwa. Hushtuka akikuta umeachwa wazi. Basi hifadhi ya pwani ilipowaalika wakazi wa mtaa wake waje kuona utafiti, chai juu ya hifadhi yenyewe, moyo ulimwambia: hapa pana jambo.

"Shemeji, utakufa kwa kushuku," dada wa marehemu mkewe alimwambia walipokuwa wakiingia langoni.

"Na wewe utakufa kwa kuamini. Tutazikwa jirani."

Walionyeshwa vifaranga wa ndege waliovishwa pete miguuni. Wenzake wakashangilia, lakini fundi aliikodolea macho ramani ukutani. Alama nyekundu zilifuatana kama siafu mpaka kwenye nyumba ya mwisho kabla ya mchanga. Nyumba hiyo ilikuwa yake.

Mtafiti, binti aliyevaa buti za mpira, akazigusa alama zile kwa kijiti. "Tatizo letu ni hili. Wageni. Wameshafika hadi hapa, na mvua zikianza tutawaondoa wote."

Fundi alihamia mtaa ule akiwa kijana, na hadi leo waliozaliwa pale walimwita mgeni. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hao wageni wakionyesha hati je?"

Mtafiti akacheka, akidhani ni mzaha. "Hati waitoe wapi, mzee? Hakuna aliyewaalika. Wamejibanza tu, wanazaana ovyo, na maji yote wanayamaliza wao."

"Watoto sita!" shemeji akanong'ona. "Hapo umesemwa wewe."

"Na mtawaondoaje?" fundi akauliza.

"Kwa panga na shoka. Tusipong'oa mizizi, watarudi."

Fundi akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Basi anzeni na mimi, hapa hapa, mbele ya mashahidi!"

Mtafiti akajiziba mdomo. "Jamani, baba! Ni miti! Ile ya maua ya njano, iliyoletwa kutoka mbali. Sisi kazini tumezoea kuiita wageni."

Watu wakacheka hadi chai ikamwagika. Fundi hakucheka. Miti ya maua ya njano ndiyo iliyokuwa ua wa nyumba yake. Aliipanda kwa mkono wake kuzuia mchanga.

"Kwa hiyo mtaingia kwangu."

"Kwa ruhusa yako, baba. Na tutakupandia mingine, ya hapa hapa."

"Na aliyeipanda?"

"Abaki kwake! Nani amguse?"

"Neno la mdomo halina kufuli," alijibu, akachukua kofia yake.

Nyumbani alikaa mezani, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: *Ninaruhusu miti ya ua wangu ing'olewe. Lakini kwanza niandikieni, kwa sahihi na mhuri, kuwa mgeni ni mti, si mtu, na kuwa nyumba iliyo nyuma ya ua huo haimo katika mpango wenu.*

Shemeji akasoma juu ya bega lake. "Na wakikataa?"

"Nitajua nilishuku sawasawa."

Akailamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba mpaka gundi ikashika, akaenda nayo posta mwenyewe. Hakumpa mtu aishike hata njiani. Akaisukuma kwenye tundu la sanduku, akatega sikio hadi alipoisikia ikidondoka.