Usiitike Ukiitwa

"Na haya masizi, Fundi, yamedondoka kutoka mbinguni?"

Bi Povu aliinua foronya juu ili ua mzima uione. Doa jeusi lilikuwa limekaa katikati ya weupe kama nzi kwenye maziwa, na yeye, aliyeanza kuisugua kabla jua halijatoka, hakuwa na haraka ya kuishusha. Ugomvi mzuri unahitaji mashahidi. Tayari mwanamke wa chumba cha mwisho alikuwa ametoka na kitoto chake mgongoni, na wapangaji wawili walikuwa wameegemea ukuta kama watu waliokata tiketi.

Fundi bati hakuinua kichwa. Alikuwa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, karai limebanwa magotini, nyundo inapanda na kushuka. Pembeni yake jiko la kulehemia lilikuwa likifuka. Alijibu, kwa upole ule uliomkera Bi Povu kuliko tusi, kwamba upepo hakuuajiri yeye, na kama mama hapendi masizi basi aanike vitu vyake vyote nyuma ya nyumba, kama alivyomshauri juzi.

Nyuma ya nyumba! Bi Povu alitaka kujua ni nani aliyemfundisha fundi bati kufua. Mashuka alikwisha kuyaanika huko, na upepo unaotoka msituni unayavutavuta kama mdai. Halafu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umekwisha kupata moto, akahamia kwenye kelele. Nyundo tangu alfajiri. Na kama baba hatoshi, binti naye kapewa kopo na kijiko. Baba akigonga tatu, mtoto anajibu mbili, koko-ko, ko-ko, bendi nzima, mpaka mtu anashindwa kuusikia umbea wake mwenyewe.

Wapangaji walicheka. Hata Fundi alibana tabasamu ndani ya masharubu, na Bi Povu akaona kwamba siku inakwenda vizuri.

Jina hilo la Povu alilipata kwa ajili ya mikono yake, ambayo kutwa ilikuwa imezama kwenye sabuni hadi viwiko. Wengine walisema ni kwa ajili ya mdomo. Yeye aliyakubali yote mawili. Alifua nguo za nyumba za mtaa wa juu, na kwa nguo alijua mengi: nani kaacha kulala na mkewe, nani kaanza kunenepa, nani analia usiku na kufutia kwenye pindo la shuka. Watoto wake mwenyewe walikuwa wamekua wakaenda mbali, lakini chumba chake hakikujua upweke. Jioni, akiijaza pasi mkaa, watoto wa ua hujaa mlangoni kama sisimizi, naye hupiga pasi huku akiwapigia hadithi. Wa kwanza kufika siku zote alikuwa binti wa Fundi. Baba yake alimwita Msumari, kwa wembamba wake, na kwa sababu ukishamweka mahali hang'oki. Mama yake alikuwa amekwenda kumuuguza bibi mzaa mama, kwa hiyo mchana Msumari alikula kwa Bi Povu, ugomvi uwepo usiwepo.

Kopo ndilo lililomshtua. Alikuwa katikati ya sentensi, tena sentensi nzuri, alipogundua kwamba nyundo imegonga tatu na hakuna aliyejibu.

"Msumari yuko wapi?"

Kopo lilikuwa limelala mavumbini, kijiko ndani yake. Bi Povu alizunguka nyumba. Kwenye kamba ya nyuma, kati ya mashuka mawili, palikuwa na pengo na vibanio viwili vinavyoning'inia bila kubana kitu. Nyuma ya uzio majani yalikuwa yamelala upande mmoja kuelekea kwenye miti.

Mwanamke wa chumba cha mwisho alikuja nyuma yake. Alisema aliliona shuka likiruka, na mtoto akilikimbilia, kitambo sasa. Alidhani wenyewe wameona. Walikuwa wanazungumza, naye hakutaka kuwakatiza.

Msitu ule ulianzia pale ua ulipoishia. Haukuwa mkubwa kwa aliyeujua, lakini mtoto akiingia hatua chache miti yote hufanana, na katikati yake palikuwa na shimo la machimbo ya zamani, lililojaa maji ya kijani, na kingo zake zinamomonyoka. Hakuna aliyelitaja. Walitoka mbio, Fundi mbele na nyundo yake bado mkononi, na jina la mtoto likaanza kuruka kutoka mti hadi mti.

Hakuna aliyeita kama Bi Povu. Sauti yake ilizoea kuvuka nyua tatu kumkemea mbuzi. Aliita hadi koo likamuuma, kisha akanyamaza kusikiliza, na msitu ukamrudishia upepo tu. Aliita tena. Miiba ilimshika kanga, akaiacha ichanike. Alasiri ilikuwa inakwisha, jua limeingia ndani ya wingu zito, na chini ya miti palikuwa na mwanga wa kijivu unaokaribia kuwa giza. Kila kisiki kilichuchumaa kama mtoto, na kila alipokifikia kikawa kisiki.

Mchoma mkaa, mzee ambaye tanuri lake lilikuwa humo ndani ya msitu, aliacha kazi na kuungana nao. Aliwauliza mtoto amepotea tangu lini na wameita upande gani. Aliposikia, alijikuna kidevu. Sauti za hapa zinafika mbali, alisema. Yeye huwasikia wakigombana kule uani akiwa kwenye tanuri lake. Mtoto aliyepotea, akisikia watu wake, huitika. Haitiki kwa mambo mawili tu: ama hasikii, ama hawezi.

Aliondoka akarudi na mti mrefu, ule anaochokolea tanuri, akausimamisha begani. Hakumtazama Fundi. "Twende tukaangalie kule shimoni," alisema, "kabla hakujafunga giza."

Fundi alianza kumfuata.

Ndipo lilipomjia Bi Povu, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa ulichochovya pindo tu.

Ilikuwa jioni ya siku chache nyuma, pasi imeiva, watoto wamejaa mlangoni. Alitaka kuwatia hofu ya msitu, kwa ajili ya lile shimo. Huo ndio ukweli. Na ukweli mwingine ni kwamba hadithi isiyotisha watoto huiacha mapema wakaenda zao. Basi huku akinyoosha ukosi wa shati la mtu akamtunga Mwitaji. Mwitaji hana mwili, ana sauti tu, tena za kuazima. Atakuita kwa jina lako, kwa sauti ya baba, kwa sauti ya mama, hata kwa sauti yangu mimi bibi yenu. Atakayeitika amekwisha. Kwa hiyo ukiitwa msituni usiitike. Jifiche, ziba mdomo, subiri apite.

Watoto walisogeleana. Msumari peke yake ndiye aliyeuliza, maana yule hakosi swali: Mwitaji anaweza kuiga nyundo ya baba? Bi Povu alicheka hadi akaweka pasi chini. Kelele ile, mjukuu wangu, hata ibilisi hawezi kuiiga.

Sasa alisimama kati ya miti, jasho limemkauka mgongoni, na kijibaridi kikampanda kutoka miguuni. Msumari yuko hapa. Pengine yuko karibu, amejibanza mahali, mikono mdomoni, anamsikia Mwitaji akiazima sauti ya baba yake. Na wao, kwa kuita, wanamsukuma ndani zaidi, kuelekea huko kwenye kingo zinazomomonyoka.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mzima aliyeijua hadithi ile. Ukisema, ua ule hautakuwa wako tena. Mtu atasamehe masizi, atasamehe matusi, lakini hili? Aliwatazama wakianza kuondoka na ule mti mrefu.

"Acheni kuita," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Hakuna aliyeisikia, naye hakuwa amezoea jambo hilo. Akamshika Fundi mkono.

"Acheni kuita, baba. Anatusikia. Kila tukiita anazidi kujificha."

"Unasema nini, mama?"

Alimwambia. Kwa mara ya kwanza maishani alisimulia kitu bila kukitia chumvi, na kikawa kifupi sana. Wote walikuwa wamesimama. Mchoma mkaa aliushusha mti wake chini polepole.

"Umemfundisha mwanangu asiniitike mimi," alisema Fundi.

"Ndiyo, baba."

Alimngoja ampige. Angalau angepiga kelele. Fundi alimtazama tu, na macho yale aliyaona Bi Povu kwa siku nyingi baadaye, kila alipofumba yake. Kisha yeye akatazama chini, na hapo chini, kwenye ngumi ya Fundi, ilikuwapo nyundo.

"Aliniuliza kama Mwitaji anaweza kuiga nyundo yako," alisema kwa haraka. "Nikamwambia hawezi. Gonga, Fundi. Gonga kama asubuhi."

Mchoma mkaa ndiye aliyekimbilia tanurini, akarudi na debe lake la maji ya kuzimia moto, akalimwaga na kulipindua juu ya kisiki. Fundi alipiga magoti. Alipogonga, mapigo yalitoka ovyo, kama debe linaloporomoka ngazi.

"Sivyo," alisema Bi Povu. Hakuna mtu duniani aliyeyajua mapigo yale kuliko yeye, aliyeyachukia kila alfajiri. Alipiga magoti upande wa pili wa kisiki na kuyapiga kwa kiganja juu ya paja lake. "Mbili za haraka, moja nzito. Halafu unavuta pumzi. Unamwachia nafasi."

Koko-ko.

Walisikiliza. Mtu alikohoa, na Bi Povu akamkata jicho hadi akakimeza kikohozi.

Koko-ko.

Jani lilianguka. Mbali kule uani mbwa alibweka. Walibeba debe, wakasogea hadi miti ilipobanana, wakalipindua tena. Koko-ko. Kimya. Wakasogea tena, safari hii upande wa shimo, na harufu ya maji yaliyolala ikawafikia. Bi Povu hakuwa na dua iliyokamilika. Alikuwa na vipande tu, na vyote vilianza na nirudishie.

Koko-ko.

Ko-ko.

Ilikuwa hafifu mno. Mpangaji mmoja alinong'ona kwamba ni kigong'ota.

"Kigong'ota hangoji zamu yake," alisema Fundi. Aligonga tena. Wakajibiwa tena, mbili, kwa subira, kama mtu aliyeketi mlangoni kwao. Fundi aliliacha debe akakimbia.

Mti mkubwa ulikuwa umeanguka zamani, na mizizi yake ilikuwa imeacha shimo kavu kama pango. Msumari alikuwa humo. Alikuwa amejiviringisha shuka la watu mwili mzima, limebaki uso na mkono mmoja ulioshika jiwe. Tangu ajifiche pale hakuwa ametoka. Majani pembeni yake yalikuwa bado yamesimama. Kutoka pale hadi kingo za machimbo ungeweza kutupa kibanio cha nguo kikafika.

Hakulia hadi baba yake alipomnyanyua. Hapo alilia kwa sauti yote aliyokuwa ameibana. Wengine walijifuta nyuso, wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Bi Povu alisogea, akanyoosha mkono wenye mikunjo ya maji na sabuni. Msumari aliuona, akajificha shingoni mwa baba yake.

"Baba," aliuliza, "huyu ni bibi kweli?"

Bi Povu alibaki na mkono wake hewani. Hata upepo alihisi umesimama ili usikie.

"Ni yeye," alisema Fundi mwishowe.

"Nilimsikia akiniita," alisema mtoto. "Aliita kama bibi kabisa."

"Nilikuwa mimi, mjukuu wangu," alisema Bi Povu. "Ni mimi niliyekuwa nakuita."

Mtoto alimtazama kwa jicho moja, kutoka begani, hadi walipofika nyumbani.

Jioni ile nyumba ya Fundi ilifurika. Kila aliyekuwa msituni na kila aliyejuta kukosa kuwa msituni alikuja kusikia yaliyotokea, na Bi Povu, aliyekaa mlango wa pili, aliwasikia kupitia ukuta: viti vinaburuzwa, sufuria linafunuliwa, mchoma mkaa anasimulia kuhusu debe lake. Palikuwa na harufu ya maharage na kitunguu. Yeye alikuwa amefunga mlango. Alikuwa hajawahi kuufunga saa hiyo. Pasi ilikuwa baridi, kizingiti kitupu. Lile shuka alikuwa amelitumbukiza kwenye beseni, na maji yalikuwa yametoka rangi ya udongo. Hakulisugua. Alikaa karibu nalo, mikono mikavu juu ya mapaja.

Mara kelele ya jirani ikapungua. Nyayo ndogo zilitoka, zikafika mlangoni kwake, zikasimama. Alingoja aitwe. Hakuitwa.

Koko-ko, mlango wa bati ulisema, taratibu, kwa kitu cha chuma.

Bi Povu aliangaza macho chumbani, akachukua kijiko, akatafuta cha kugonga. Aligonga ubavu wa beseni, mara mbili, na maji yakatetemeka.

Upande wa pili nyayo zilisogea karibu na mlango.

"Baba anasema uje ule, chakula kinapoa," alisema Msumari. "Na uje na hicho kijiko. Vya kwetu havitoshi."