Chura Aliyeruka Kikombe

Wiki sita mkono wa kulia wa fundi cherehani ulikaa ndani ya plasta, na plasta ilipotolewa, kidole gumba kikagoma. Hakikunjiki, hakibani. Sasa fundi asiyeweza kubana pini ni fundi gani? Mdogo wake, naye mshonaji, alikuwa keshasema kwamba Jumamosi angekuja kuichukua cherehani, "isikae bure, dada." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma zaidi.

Basi akaingia chumba cha mazoezi cha hospitali roho imemwinama. Mtaalamu wa viungo, binti mchangamfu kupita kiasi kwa asubuhi ile, akamwekea mezani karatasi ya mraba, ya kijani.

"Leo tunakunja chura."

"Nimeacha nyumba yangu nije kukunja chura?"

"Chura anayeruka, mama. Na utashindana na huyu."

Huyu alikuwa dereva wa lori aliyevunjika kifundo cha mkono, na chura wake alikuwa tayari kachuchumaa mezani. Dereva akambonyeza mgongoni. Hop! Chura akavuka kikombe cha chai.

"Haya, fundi. Tuone wako."

Hapo fundi akapandwa na mori. Akakunja kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukigandamiza tu karatasi isikimbie. Chura wake akainuka kidogo, akaanguka kifudifudi. Dereva akacheka mpaka akapaliwa.

Binti akamgeuzageuza yule chura. "Mama, mbona kila ukingo umeuachia nafasi?"

Fundi akatazama. Kweli bwana! Miaka ishirini na tano ya kushona, na sasa hata chura wa karatasi kamwachia nafasi ya mshono. Akacheka, mara ya kwanza tangu ateleze bafuni na kuvunjika mkono.

"Lete nyingine!"

Wa pili akaruka upande. Wa tatu akagonga kikombe. Karatasi ya nne aliinyakua mwenyewe, akawa anakunja huku anabishana na dereva kwamba chura wake alisukumwa na feni. Ukingo kwa ukingo, ukucha ukipita juu ya mkunjo, chapuchapu, ile kasi ya msimu wa sare za shule. Akabonyeza. Chura akavuka kikombe, akampita chura wa dereva, akatua kwenye goti la dereva mwenyewe!

"Nimekupiga, dereva! Nimekupiga!" Alikuwa kasimama, tayari ana karatasi ya tano.

Dereva alikuwa anautazama mkono wa fundi. Binti pia. Fundi akashusha macho. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimeibana ile karatasi, barabara kabisa, na yeye hakujua kilianza saa ngapi.

Akaogopa hata kupumua. Akakiachia, kisha akakikunja tena, safari hii kwa makusudi. Kikaitika. Machozi yakamtoka hapo hapo, mbele ya watu, wala hakuyajali.

"Binti," alisema, akiinamia karatasi, "mpigie simu mdogo wangu, mikono yangu yote miwili ina kazi. Mwambie Jumamosi aje kula. Cherehani haiendi popote."